Taa za kambi: bodi tupake rangi gani, na mwanga wenyewe uwe wa rangi gani?

Hema_Mtaani (Nakuru)

Wadau, habari za jioni. Mimi hukodisha vifaa vya kambi hapa Nakuru. Wateja ni vikundi vya kanisa, wanafunzi wa Egerton, na ofisi zinazopeleka watu wao Menengai au Hell's Gate wikendi. Hema hurudi. Jiko hurudi. Taa ndiyo mtihani, kwa sababu taa za watu wote zinafanana, na asubuhi ya kuvunja kambi kila mmoja hutupia kwenye begi taa iliyo karibu na mkono wake. Kikundi kinakuja na taa zangu, kinaondoka na za jirani, na jirani naye simjui.

Sasa nimeleta mzigo mpya na nataka taa zote zipate rangi moja, mtu akiiona hata kwa mbali ajue ni ya nani. Ziko za aina mbili. Kuna fanusi za mafuta, zile za bati jeupe zenye chemni na mikono miwili kama mabomba. Hizo natumia nje tu, kwenye njia ya kwenda chooni na pale watu wanapokaa usiku. (Kabla hamjaanza: hapana, siruhusu fanusi ndani ya hema. Moto na ile hewa ya sumu havina mzaha.) Halafu kuna taa za LED za kuchaji, plastiki ya kijivu, baadhi zina kipaneli cha sola kichwani.

Mwenzangu wa biashara anataka nyeusi isiyong'aa, eti ndiyo ya kisasa na picha zinatoka safi. Mimi nataka rangi ya chungwa. Tumebishana hadi tukaamua tuulize wenye ujuzi. Na kuna jambo la pili, ambalo wateja wananilalamikia zaidi kuliko bodi: mwanga wa zile LED ni mweupe wa wodini. Watu wamezunguka meza, nyama iko tayari, nyuso zote zinaonekana kama wagonjwa. Je, mwanga unaweza kubadilishwa bila kununua taa nyingine?

Fundi_wa_Kibuye (Kisumu)

Dada Hema, karibu. Mimi ni mtu wa spray hapa Kibuye. Kazi yangu kubwa ni bampa na milango ya magari, lakini taa nazo hupita mikononi mwangu, za mikahawa hasa.

Tuanze na fanusi. Bati lile limevikwa zinki, na zinki na rangi ya mafuta haviivi chungu kimoja. Ukipaka gloss ya kawaida moja kwa moja itashika vizuri mwanzoni, mteja atalipa akicheka, halafu itaanza kubanduka vipande vipande. Watu hulaumu rangi. Shida ni kwamba zinki humenyuka na mafuta yaliyomo ndani ya rangi, na katikati panatokea tabaka laini la aina ya sabuni. Ukishakuwa na sabuni chini ya rangi, rangi itaenda tu. Kwa hiyo osha fanusi kwa sabuni na maji moto hadi harufu ya mafuta ya taa iishe, pangusa kwa siki, suuza, kausha juani. Piga msasa namba 240 kidogo tu, mng'ao ufe, usimalize zinki yote. Kisha praima ya mabati, ile tunayoita ya kung'ata. Hapo ndipo rangi ije, tabaka nyembamba tatu au nne, usimwage moja nene ikateremka machozi.

Kama ni fanusi kuukuu iliyokuwa na rangi tayari, tumia msasa wa maji na ufunge pua. Rangi za zamani zilikuwa na risasi, na vumbi lake si la kuvuta.

Kofia ya juu uiache ilivyo. Joto lote la moto linapitia pale, na rangi ya kawaida itageuka kahawia na kunuka. Ipo rangi ya egzosi inayohimili nyuzi 600, lakini nyingi zinazouzwa madukani ni nyeusi au fedha. Mimi ningeacha kofia ya fedha juu ya bodi ya chungwa, inapendeza hivyo. Ile mikono miwili nayo, angalia usizibe matundu yake. Hiyo ni njia ya hewa inayolisha moto. Ukiziba, fanusi itatoa moshi na chemni itakuwa nyeusi kila usiku, kisha utaambiwa mafuta ni machafu.

Kuna watakaokushauri upeleke zipakwe rangi ya unga, ile ya kurushwa kwa umeme halafu ikapikwa kwenye tanuri. Rangi nzuri ajabu, ngumu, haikwaruziki ovyo. Lakini hupikwa kwa nyuzi 180 hadi 200, na solda ya bati na risasi huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183. Fanusi ambayo tanki lake limeunganishwa kwa solda ikitoka kwenye tanuri hilo haifai tena, itavuja. Uliza kwanza, tanki limekunjwa au limetiwa solda? Na kama una karabai usithubutu, tanki lile hukaa na presha.

LED sasa. Pindua taa utazame chini, mara nyingi aina ya plastiki imeandikwa: ABS au PP. ABS hukubali rangi ukiisugua msasa 400 hadi 600 na kuifuta vizuri. PP inateleza kama imepakwa mafuta, na bila praima ya bampa rangi itatoka kwa ukucha. Ile sehemu inayopitisha mwanga usiiguse na thina kabisa, itajaa nyufa ndogondogo na ukungu ambao hautoki.

Lakini ukiniuliza kama dada yangu, si kama mteja, LED usipake. Nakuru mna vijana wa stika za matatu. Wakufungie plastiki ya stika kwenye bodi, rangi unayotaka, na siku ikichakaa unabandua unaweka nyingine. Peleka fanusi tu kwa fundi.

KOgalo_Kwanza (Kisumu)

Paka kijani. Mjadala umeisha.

Ingwe_Damu (Kakamega)

Kijani kwenye nyasi, halafu mnashangaa vitu vinapotea. Buluu na nyeupe, tangu 1964.

Hema_Mtaani (Nakuru)

Wateja wangu ni wa timu zote mbili, Gor Mahia na AFC Leopards, na taa nataka zirudi zikiwa nzima. Hizo rangi mbili zimetoka.

Fundi, asante sana kwa hilo la zinki. Fanusi za msimu uliopita zilibanduka hivyo hivyo na nilikuwa nimeshamnunia aliyeniuzia rangi.

Mtu_wa_Lambwe (Homa Bay)

Kwenye buluu msicheke sana. Huku kwetu bonde la Lambwe tumeishi na mbung'o miaka mingi. Mitego yao hushonwa kwa kitambaa cha buluu na nyeusi kwa sababu ndizo rangi zinazowavuta. Ukija kupiga hema hifadhi ya Ruma kutazama korongo, wale swala wakubwa, utashauriwa usivae buluu wala nyeusi. Sasa wewe unaning'iniza taa ya buluu mlangoni mwa hema mchana kutwa? Taa ni ndogo, haitafanya kazi ya mtego, lakini kwa nini uwaite. Na mwenzako wa nyeusi aambiwe kwamba rangi yake iko kwenye orodha hiyo hiyo.

NyarDunga (Kisumu)

Mnazungumza bodi sana. Mwanga ndio wa kwanza, bodi baadaye.

Mimi nimekulia Dunga. Usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, ziwa lote linawaka taa za wavuvi wa omena hadi unadhani kuna mji kule majini. Zamani zilikuwa karabai zikielea juu ya maboya, siku hizi nyingi ni LED na betri. Mwaka 2008 Osram walifungua hata kituo cha kuchajia taa kwa sola kule Mbita, ili wavuvi waache mafuta. Lengo la taa ni lile lile: mwanga unawaleta wadudu na vijidudu vya majini, omena wanafuata chakula, nyavu inafuata omena. Sasa fikiria wewe mpiga kambi. Unawasha taa kali nyeupe katikati ya meza yako. Umefanya kazi ya mvuvi, ila badala ya omena unapata sam, wale wadudu wa ziwani, wanaanguka kwenye supu kwa mamia.

Wadudu wa usiku huona zaidi upande wa buluu na ule mwanga wa zambarau kali ambao sisi hatuuoni. LED nyeupe baridi ina buluu nyingi. Taa ya njano, ya joto, ina buluu kidogo, kwa hiyo inawavuta wachache. Sisemi inawamaliza. Inapunguza. Nikiwa na wageni ufukweni huweka taa mbili: ile nyeupe kali naitundika mbali, hatua ishirini hivi, upande ambao upepo unaelekea. Wadudu wakae kule na sherehe yao. Ya njano ndiyo inakaa mezani, na hata hiyo naipunguza.

Jambo jingine kwa wanaopeleka watu maji: chombo cha majini usiku huonyesha nyekundu kushoto na kijani kulia. Usitundike taa nyekundu au za kijani ovyo gatini au kwenye mtumbwi kwa sababu ya picha. Kuna mtu anaongoza boti kwa kuzitazama hizo.

Bodaboda_Sifuri (Eldoret)

Kwa hiyo taa ya njano inafukuza mbu? Nyumbani nimeweka na bado nang'atwa.

NyarDunga (Kisumu)

Soma tena ndugu yangu, sijasema inafukuza. Tena mbu wa malaria hakufuati kwa sababu ya taa. Anafuata pumzi yako, joto lako na harufu ya ngozi. Taa ya rangi yoyote haichukui nafasi ya neti.

Hema_Mtaani (Nakuru)

Sawa, nimeshawishika kuhusu njano. Lakini LED zangu ni nyeupe tayari, kwenye boksi wameandika 6500K. Nifanyeje? Kijana mmoja hapa anasema nipake kioo chake rangi ya kucha ya chungwa.

Mwalimu_wa_Fizikia (Maseno)

Rangi ya kucha ina thina ya kwake, na fundi ameshakuambia thina hufanya nini kwenye plastiki inayopitisha mwanga. Mwambie kijana aiweke kwenye kucha.

Hiyo 6500K ni kipimo cha rangi ya mwanga, Kelvini. Usidanganyike na neno joto: namba ikiwa kubwa, mwanga unakuwa wa kibuluu zaidi, ule tunaouita baridi. Mshumaa na fanusi ziko karibu 1900. Balbu ya zamani ya waya ilikuwa 2700 hivi. LED za njano zinazouzwa kama za joto ni 2700 hadi 3000. Wewe uko kwenye 6500, rangi ya mchana wenye mawingu. Ndiyo maana nyuso zinaonekana za wodini.

Ndani ya LED nyeupe kuna kipande kinachotoa mwanga wa buluu, karibu nanomita 450, na juu yake kuna unga wa manjano unaogeuza sehemu ya buluu hiyo kuwa rangi nyingine. Vikichanganyika, jicho linaona nyeupe. Unga ukiwa mwembamba, buluu nyingi inapita na unapata 6500. Ukiwa mwingi zaidi, na wa aina inayoelekea wekundu, unapata 2700. Kwa hiyo huwezi kubadilisha LED yenyewe, lakini unaweza kuchuja kinachotoka.

Nenda kwa wapiga picha na video za harusi. Wana karatasi za plastiki za rangi ya kaharabu wanazofunga mbele ya taa zao. Ile kamili inateremsha 6500 hadi karibu 3200, ya nusu inafika karibu 3800. Kata kipande, kizungushe kuzunguka kioo cha taa kwa ndani au kwa nje, shikilia na gundi ya utepe. Kazi ya dakika chache, na mteja akitaka mwanga mkali unakitoa. Gharama yake iko kwenye mwanga: kamili inakula karibu asilimia 45, nusu inakula karibu asilimia 30. Kwa meza ya chakula hiyo haina neno, wengi huwa wanapunguza taa hata hivyo.

Kitu kimoja ujue mapema. Chujio hutoa, haliongezi. LED za bei ya chini zina wekundu mchache sana, na karatasi haiwezi kuuleta usiokuwepo. Mwanga utakuwa wa njano na wa kupendeza zaidi, lakini nyama bado inaweza kuonekana na ukijivu. Ukinunua mzigo mwingine, tafuta zenye LED za rangi mbili ndani, nyeupe na ya joto, unazibadilisha kwa kitufe.

Gadi_Mstaafu (Nakuru)

Nimesoma kimya, sasa niseme. Nimefanya kazi reli. Kuna mtu atafikia kununua chemni ya buluu au ya kijani kwa fanusi ya mafuta, akidhani itawaka rangi aliyoiona dukani. Haiwi hivyo. Moto wa mafuta ya taa ni wa manjano, hauna buluu ya kutosha. Kwenye ishara za zamani za reli, zile za mkono unaopanda na kushuka na taa ya mafuta nyuma, kioo cha kijani ukikitoa na kukitazama juani kilikuwa kinaelekea buluu kabisa. Moto wa manjano ukipita kwenye buluu ile, dereva anaona kijani safi. Kijani cha dukani ukikiweka mbele ya moto kinatoka cha manjano hafifu, na buluu nzito inakula karibu mwanga wote.

Binti, kwa fanusi zako acha chemni nyeupe. Hiyo rangi wanayoitafuta ya joto tayari fanusi inayo bure.

Hema_Mtaani (Nakuru)

Mzee wangu, asante. Hilo limeniokoa, chemni za buluu nilikuwa nimezitazama jana.

Mlima_na_Mvua (Kitale)

Mimi hupeleka watu Mlima Elgon kupitia lango la Chorlim. Nyongeza yangu ni nyekundu, lakini kwa mwanga, si kwa bodi.

Jicho likizoea giza, na linachukua nusu saa hivi kuzoea vizuri, mwanga mweupe wa sekunde chache unalirudisha mwanzo. Mwekundu uliofifia hauliharibu hivyo. Kwa kutazama nyota, au mtu akitoka usiku kujisaidia bila kuamsha hema zima, nyekundu ni bora. Pangoni pia popo husumbuka zaidi kwa nyeupe. Kama taa zako za LED zina kitufe cha nyekundu, waonyeshe wateja. Wengi hudhani ni cha dharura tu.

Ila usipikie kwa nyekundu. Nyama mbichi na iliyoiva zinafanana kabisa. Kidonda nacho huwezi kujua kama bado kinatoka damu, na mistari myekundu ya ramani inafutika yote. Nimeona watu wamekula kuku ambaye asubuhi hawakupenda kumkumbuka.

Bodaboda_Sifuri (Eldoret)

Kama nyekundu ni nzuri usiku, basi bodi pia ipakwe nyekundu. Zimamoto wanatumia nyekundu.

Mwalimu_wa_Fizikia (Maseno)

Kaka, hayo ni mambo mawili yanayokwenda kinyume. Nyekundu haiharibu jicho la usiku kwa sababu jicho la usiku karibu haliioni nyekundu kabisa. Sasa ukipaka kitu rangi ambayo jicho la usiku haliioni, umekificha.

Jaribu leo jioni. Tafuta ua jekundu kwenye kichaka, utazame kuanzia jua linapozama. Mchana ua linang'aa kuliko majani. Giza likianza kuingia linakuwa jeusi wakati majani bado unayaona. Mwanasayansi wa Bohemia, Purkyně, aliliandika jambo hili mwanzoni mwa karne ya 19. Mchana jicho linaona vizuri zaidi karibu nanomita 555, kijani kinachoelekea manjano. Gizani kilele kinahama hadi 507, kuelekea buluu. Nyekundu inaachwa nje. Chungwa nayo inafifia, ingawa si mapema kama nyekundu. Zinazobaki kuonekana ni nyeupe na manjano hafifu.

Hema_Mtaani (Nakuru)

Mwalimu, mbona unaniangushia chungwa langu!

Mlima_na_Mvua (Kitale)

Usiliache. Mwalimu anaongea juu ya jioni, lakini taa hupotea asubuhi watu wakifunga. Mchana chungwa haina mpinzani. Manjano huko kwenu inazama kwenye nyasi kavu za Januari na Februari. Nyeupe hushika vumbi la Nakuru hadi inakuwa rangi ya njia. Chungwa kwenye nyasi mbichi, kwenye nyasi kavu, kwenye mawe ya Menengai, unaiona.

Kwa usiku ongeza utepe wa rifleta, zile za nyuma ya malori. Mstari mmoja kuzunguka kiuno cha taa. Ukimulika tochi unapata taa zote kwa mara moja, hata zilizoanguka kichakani.

Fundi_wa_Kibuye (Kisumu)

Rifleta naunga mkono. Ibandike baada ya rangi kukauka kabisa, siku kadhaa, si jioni ile ile. Gundi yake ina nguvu, itaondoka na rangi ikiwa changa.

Na kwa atakayepaka mwenyewe huku Kisumu: paka asubuhi. Mvua yetu hupenda kuja alasiri, na unyevu ukiingia kwenye rangi isiyokauka inatoka na weupe juu kama imepigwa na ukungu. Nakuru tatizo lenu ni upepo na vumbi. Tafuta pa kujikinga lakini penye hewa.

Mtu_wa_Lambwe (Homa Bay)

Swali la pembeni. Nyani wa Makalia, kule hifadhi ya Ziwa Nakuru, hawatafikiri chungwa ni matunda?

Mwalimu_wa_Fizikia (Maseno)

Swali lina msingi kuliko unavyodhani. Nyani wanaona rangi karibu sawa na sisi, chungwa wanaijua vizuri. Nyati ndiye asiyetofautisha nyekundu na kijani. Lakini nyani wa kambini wameshajifunza kitu kimoja, begi lililo wazi. Taa haina harufu ya mkate. Fungeni chakula.

Mwenzake_Hema (Nakuru)

Mimi ndiye yule mwenzake wa nyeusi. Nimesoma yote. Hakuna hata mmoja amesema jambo zuri juu ya nyeusi?

Fundi_wa_Kibuye (Kisumu)

Haionyeshi uchafu. Ni hilo tu.

Mwalimu_wa_Fizikia (Maseno)

Na mimi nitakuongezea baya. Zile taa zenu zenye sola kichwani zinachajiwa zikiwa juani. Betri ya lithiamu haifai kuchajiwa ikiwa imepita nyuzi 45. Bodi nyeusi kwenye jua la saa saba inafika huko bila shida, na betri ikichajiwa katika joto hilo mara kwa mara inazeeka upesi. Bodi ya rangi nyepesi inarudisha sehemu kubwa ya jua. Hata ya chungwa, wakati wa kuchaji igeuzeni upande wa bodi ukae kivulini na kipaneli tu kibaki juani. Na stika isifunike matundu ya hewa wala yale mapezi ya kupozea nyuma ya LED, yakiwepo.

Mwenzake_Hema (Nakuru)

Haya, nimeshindwa kwa bodi. Lakini namba lazima ziwe nyeusi. Kila taa iandikwe namba yake, ili tukipeana tuandike daftarini nani kachukua ipi. Nyeusi juu ya chungwa inasomeka, au hapo pia kuna sayansi?

NyarDunga (Kisumu)

Inasomeka sana. Mpeni mwanaume haki yake.

Hema_Mtaani (Nakuru)

Namba nyeusi, nimekubali. Basi fanusi za bati zinakuja Kibuye kwa fundi, chungwa, kofia zibaki za fedha. LED zinaenda kwa vijana wa stika hapa hapa mjini, na kesho namtafuta mtu wa harusi mwenye karatasi za kaharabu. Nitachukua za nusu kwanza, wateja wa kanisa hupenda kusoma Biblia usiku na sitaki waniambie nimewawekea giza.

Fundi, namba utaandika kwa mkono au kwa stensili? Na nikizituma na basi la asubuhi zitakaa kwako muda gani?

Fundi_wa_Kibuye (Kisumu)

Stensili. Sentimita nne, pande mbili, chini ya rifleta. Muda unategemea mvua, lakini sitazitoa kabla hazijakauka hata ukinipigia kila saa. Toa mafuta yote kwenye matanki kabla ya kutuma, kondakta hatakubali zikinuka, na chemni zifunge gazeti uzitume kwenye boksi lao peke yake.

Hema_Mtaani (Nakuru)

Chemni zinabaki kwangu, hazina kazi kwako. Nitatuma Jumatatu.